Jinsi nilivyojifunza masoko ya mtandaoni kwa kuuza mapazia ya shangazi

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama mtu aliyesomea fani nyingine anaweza kujifundisha mwenyewe masoko ya mtandaoni, yaani kutangaza na kuuza bidhaa kupitia mtandao, hadi ikawa kazi ya kumlisha, kwa nini vyeti vitatu ulivyovipata bure havijakuletea mteja hata mmoja, na kama simu peke yake inatosha kuanzia. Nitakujibu kwa kukueleza njia niliyopita mimi, kwa kuwa sikusomea masoko mahali popote. Nilisomea uhasibu ngazi ya stashahada, na mwaka 2017 nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane bila ajira pale shangazi yangu aliponiomba nimsaidie kutangaza duka lake la mapazia lililoko Kariakoo.

Tangazo langu la kwanza lilikuwa picha ya pazia zito la rangi ya maziwa, na chini yake niliandika kama nilivyoona wengine wakiandika, kwamba bei mtu aje inbox. Shangazi alinipa shilingi 50,000, nikabonyeza kitufe cha kulipia chapisho lisambazwe kwa siku tano. Zaidi ya watu mia sita waliipenda ile picha, na tulifurahi sana, mpaka jioni ya siku ya tano shangazi aliponiuliza kwa upole kabisa ni mapazia mangapi yameuzwa. Halikuuzwa hata moja. Waliopiga simu walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa fundi aliyekuwa akitafuta kazi.

Ilinichukua wiki kadhaa za kusoma maelezo ya Facebook yenyewe, huku nikiwa na kamusi pembeni, ndipo nikaelewa kilichotokea. Mifumo hii haimwonyeshi tangazo kila anayepita. Inamtafuta mtu ambaye, kwa mwenendo wake wa nyuma, anaelekea kufanya kile ulichokitaja kuwa lengo lako. Ukichagua lengo la kupata laiki na maoni, itakuletea watu ambao kazi yao ni kupenda picha na kuendelea na safari yao, na ukichagua lengo la kupata ujumbe, itawatafuta wale wenye desturi ya kuanzisha mazungumzo na wauzaji. Fedha ya shangazi ilikuwa imefanya kazi niliyoituma, ila mimi ndiye niliyeituma kazi isiyo na faida kwa duka. Naamini kwa dhati kwamba mwanafunzi asipolielewa jambo hili moja mapema, atachoma fedha za watu kwa miaka mingi huku akiwaonyesha takwimu za kupendeza.

Lakini kuna pengo kubwa zaidi, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, kwa sababu sikuliona likifundishwa katika kozi yoyote niliyopitia. Kozi hizo nyingi zimetengenezwa na watu wa Marekani na Ulaya, ambako mteja anabofya tangazo, anaingia kwenye tovuti, analipa kwa kadi, na mfumo wa matangazo unaandika wenyewe kwamba mauzo yamefanyika. Kwetu mteja anaona picha Instagram, anatuma ujumbe WhatsApp, ananyamaza siku mbili, anarudi kuomba apunguziwe, anatuma vipimo vya dirisha alivyochukua kwa kamba, anamshirikisha mumewe, halafu mwisho wa mwezi anatuma nusu ya fedha kwa simu na kumalizia nyingine fundi akishatundika. Hakuna hatua hata moja ya malipo hayo ambayo mfumo wa matangazo unaiona. Kwa hiyo yule anayeangalia takwimu za mfumo peke yake anaona mibofyo tu, na hajui ni tangazo lipi lililoleta fedha na lipi lililoleta porojo.

Daraja la kuvuka pengo hilo inabidi ulijenge kwa mkono. Mimi nilianza kwa kununua laini ya pili ya simu, nikawa naweka namba moja kwenye tangazo hili na nyingine kwenye tangazo lile, ili namba iliyopigwa initajie mteja ametokea wapi. Baadaye, WhatsApp Business ilipotoka mwanzoni mwa 2018, nilijifunza kutengeneza viungo vya kubofya (link) vyenye ujumbe uliokwisha kuandikwa ndani yake: aliyebofya tangazo la mapazia ya sebuleni alifika akiwa na sentensi moja, wa mapazia ya chumbani akafika na nyingine, nami nikambandika kila mmoja lebo kulingana na hatua aliyofikia. Kila usiku nilinakili katika daftari kubwa la mistari tarehe aliyoandika, tangazo lililomleta, alichouliza, tarehe aliyotoa malipo ya awali na kiasi alicholipa. Hapo uhasibu wangu, niliodhani umepotea bure, ukawa msaada mkubwa kuliko kipaji chochote cha ubunifu.

Baada ya miezi mitatu daftari lilinieleza mambo ambayo nisingeyajua kwa kubuni. Watu 214 walikuwa wameandika, 31 wakalipa, na matangazo yalikuwa yametumia shilingi 480,000, maana yake kila mteja aliyelipa aligharimu takriban shilingi 15,500, wakati duka lilibakiwa na wastani wa shilingi 90,000 kwa mteja baada ya kutoa kitambaa na ufundi. Niliona pia kwamba karibu malipo yote yaliingia kati ya tarehe 24 na tarehe 5, kwa hiyo fedha tuliyoitumia katikati ya mwezi ilikuwa inawaandaa watu tu, na haikustahili kuhukumiwa siku ileile. Tena niliona kwamba swali la kwanza la watu zaidi ya nusu lilikuwa bei. Nilipomshawishi shangazi tuandike bei ya mita moja juu ya picha, naye aliogopa kwamba majirani wangemvunjia bei, idadi ya waliotuandikia ilipungua lakini idadi ya waliolipa ikaongezeka, kwa kuwa waliobaki walikuwa wamekwisha kukubaliana na bei moyoni kabla hawajaandika.

Siku nilipomfungulia shangazi ukurasa ule wa daftari wenye hesabu hizo, aliongeza bajeti bila kuniuliza swali lolote. Wiki mbili baadaye alinikutanisha na jirani yake muuza samani, ambaye alitazama ule ukurasa kwa muda mrefu, akaniuliza naweza kuanza lini. Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza wa kulipwa, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Hakuniuliza nimesoma wapi.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu vyeti vyako. Sivibezi. Mafunzo ya Google Skillshop, ya HubSpot Academy na ya Meta Blueprint yanapatikana bila malipo, yanakupa msamiati wa kazi na mpangilio wa mawazo, na ukiomba ajira katika kampuni kubwa huenda cheti kikakusaidia kuitwa kwenye usaili. Lakini mwenye duka anataka kuona mauzo ya duka linalofanana na lake, na hilo halitolewi na kozi yoyote. Ungetafuta biashara moja ya ndugu au rafiki inayouza kitu halisi, ukaibeba kuanzia tangazo hadi fedha inapoingia, kwa miezi mitatu mfululizo, ungekuwa na ushahidi wenye uzito kuliko vyeti kumi. Kuhusu lugha nitakuwa mkweli kwako: maelezo mazuri ya mifumo hii yameandikwa kwa Kiingereza, na usipojilazimisha kuyasoma kwenye chanzo chake utabaki ukilishwa na walimu wa video wanaofundisha vitufe vilivyokwisha kuondolewa.

Vitufe hubadilika kweli, na inauma. Aprili 2021, Apple ilipotoa iOS 14.5, toleo la mfumo unaoendesha simu za iPhone, programu zililazimika kumwomba mtumiaji ruhusa kabla ya kumfuatilia katika programu na tovuti nyingine, na wengi waliokuwa wakiitegemea takwimu ya mfumo peke yake waliona sehemu ya mauzo yao ikipotea machoni. Tarehe 1 Julai 2023 Google Analytics ya zamani, chombo cha kuhesabu wanaotembelea tovuti, iliacha kupokea takwimu mpya, na kila mtu akalazimika kuhamia toleo la GA4 ambalo linahesabu kwa namna tofauti. Mara zote mbili daftari langu liliendelea kusema vilevile, kwa sababu lilikuwa likihesabu watu waliolipa.

Upande wa Google nitaupitia kwa kifupi, ingawa kwa biashara nyingi za huduma ndiko ningekushauri uanzie. Anayeandika kwenye Google maneno kama bei ya mapazia Dar es Salaam tayari anahitaji mapazia, tofauti na yule wa Instagram uliyemkatiza akitazama picha za harusi. Nafasi za matangazo pale hupatikana kwa mnada, lakini Google haimpi nafasi ya juu aliyetaja fedha nyingi peke yake. Inapima pia jinsi tangazo linavyoendana na kilichotafutwa na ubora wa ukurasa mtu anakopelekwa, ndiyo maana mdogo mwenye tangazo la wazi anaweza kumpita mkubwa mzembe. Kabla hata hujalipa kitu, mwandikishe mteja wako kwenye Google Business Profile, ambayo zamani iliitwa Google My Business, uweke mahali sahihi kwenye ramani, saa za kufungua na picha za duka kutokea barabarani. Katika jiji ambalo watu huelekezana kwa kutaja mwembe na kituo cha daladala, ramani sahihi inaleta wateja miaka yote bila ada yoyote.

Sasa nikuonye kuhusu jambo lililonigharimu. Mwaka 2019 nilipata mteja mwenye biashara ya vifaa vya jikoni, nami kwa kutaka kumrahisishia nilifungua akaunti ya matangazo kwa jina langu na kuilipia kwa kadi yangu, tukikubaliana kwa mdomo kwamba angenirudishia kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa tatu mauzo yalikuwa mazuri, lakini yeye alisema mzigo umechelewa bandarini na fedha haipo, akaacha kupokea simu. Nilibaki na deni la shilingi 700,000 na hasira ambayo ilichukua muda kuisha. Tangu hapo akaunti hufunguliwa kwa jina la mteja, kadi ni yake au ya mtandaoni aliyoitengeneza kwa kampuni yake ya simu, mimi napewa ruhusa ya kuiendesha tu, na ada yangu hulipwa mwanzoni mwa mwezi ikiwa imetenganishwa kabisa na fedha ya tangazo. Tunaandika ukurasa mmoja wa makubaliano kwa Kiswahili cha kawaida na kutia saini. Ukipiga bajeti usisahau VAT, ambayo tangu 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali kwetu zinatakiwa kuikusanya. Mteja asipoambiwa mapema, ataona makato na kudhani umemwibia.

Uwe pia makini na namba za simu za wateja, kwa sababu daftari ninalolisifia ni orodha ya taarifa za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Binafsi nilikuwa na kanuni hiyo hata kabla ya sheria, kwa kuwa shangazi alikataa kabisa kumtumia mtu matangazo kama hakukubali, akisema mama aliyemfungulia fundi mlango wa chumba chake amemwamini. Wapo watakaokuja kukuomba uwauzie orodha ya mteja wako, na wengine watakupa fedha nzuri kuliko mshahara wako. Usiiuze.

Umeuliza mwisho kama simu inatosha. Kwa kazi ya kujibu wateja, kupiga picha kwa mwanga wa asubuhi na kufuatilia matangazo, inatosha; mimi nilifanya hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja nikiwa na simu iliyopasuka kioo. Pale nilipohitaji kupanga hesabu za miezi mitatu kwenye Excel, nilikuwa nikienda kwenye duka la huduma za intaneti jirani na stendi kila Jumamosi na daftari langu, nikilipia saa mbili. Kompyuta mpakato niliinunua mwaka wa pili, ikiwa imetumika, kwa fedha ya muuza samani. Kama una ndugu mwenye duka, genge, saluni au karakana, niandikie ni biashara gani na wateja wake hulipaje, nami nitakusaidia kupanga safu za daftari lako la kwanza.