Namba mbili za Josephus: nifuate zipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea theolojia, na tasnifu yangu inamhusu Pontio Pilato. Kitabu kimoja kinanielekeza kwa Josephus, yule mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, Mambo ya Kale ya Wayahudi 18.3.1, kingine kinasema 18.55–59, na habari ni ile ile. Nifuate ipi? Na nitafute vitabu gani vya rejea, ikiwa Kigiriki changu ni cha kuungaunga?

JIBU: Marahaba. Namba zote mbili ni sahihi. Zinakupeleka pale Pilato alipoingiza Yerusalemu bendera za jeshi zenye sanamu za Kaisari. Ya kwanza ni kitabu, sura na fungu, mgawanyo wa matoleo ya zamani ambao William Whiston aliufuata katika tafsiri yake ya Kiingereza ya 1737. Ya pili ni ya Mjerumani Benedikt Niese. Alipochapisha matini ya Kigiriki kati ya 1885 na 1895, alihesabu vifungu vifupi mfululizo tangu mwanzo wa kila kitabu hadi mwisho wake. Tasnifu yako ifuate Niese. Fungu moja la Whiston laweza kuwa refu mno, na msimamizi wako akabaki kukisia unazungumzia sentensi ipi.

Whiston anapatikana bure mtandaoni. Alikuwa mwanahisabati, ndiye aliyemrithi Isaac Newton katika kiti cha uprofesa Cambridge, na hadi leo anasomeka vizuri. Lakini alitafsiri muda mrefu kabla ya kazi ya Niese juu ya miswada, yaani nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono. Msome upate mtiririko. Hoja inayotegemea neno moja usimwegemeze yeye.

Ukipata kitu kimoja tu maktabani, kiwe Josephus wa mfululizo wa Loeb. Kigiriki kiko kushoto, Kiingereza kulia, na namba za aina zote mbili zimo, kwa hiyo utavuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine bila kuhangaika. Jalada la Louis Feldman la 1965, lenye vitabu vya 18 hadi 20, lina faharasa ya jumla. Itumie sana, maana majina kwa Josephus yanajirudia mno. Yesu mwana wa Damneo na Yesu mwana wa Gamalieli walikuwa makuhani wakuu. Yesu mwana wa Anania ni yule mtu wa shamba aliyelia “Ole Yerusalemu” miaka kadhaa kabla mji haujaanguka mwaka 70. Ukitafuta jina tupu kwenye kompyuta, wote watakuja pamoja.

Itifaki ya Kigiriki, yaani orodha ya maneno na mahali yanapopatikana, iko pia: ile iliyosimamiwa na Karl Heinrich Rengstorf, majalada manne, 1973 hadi 1983. Ukiijua alfabeti tu, itakufaa.

Ufafanuzi wa kina ni mfululizo wa mchapishaji Brill unaohaririwa na Steve Mason tangu 2000. Ni ghali, basi omba jalada moja tu: lile la Mason mwenyewe juu ya Vita vya Wayahudi, kazi nyingine ya Josephus, kitabu cha 2. Ndimo Pilato alimo, 2.169–177. Weka kifungu hicho safu moja, na Mambo ya Kale 18.55–62 safu ya pili. Katika Vita Wayahudi wanalala kifudifudi Kaisaria siku tano, mchana na usiku; katika Mambo ya Kale wanamsihi siku nyingi. Kisha endelea hadi 18.63–64, maneno yanayobishaniwa kuhusu Yesu Kristo, uone kwamba safu ya Vita hapo ni tupu. Tasnifu yako ianzie kwenye tofauti hizo.