Keria ya mikate kwenye skuta: chuma gani, na ifungwe wapi?

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwoka mikate hapa Walukuba, Jinja. Nina skuta ya cc 110, na kila alfajiri napeleka mikate Masese, Mpumudde, mpaka Bugembe. Kwa sasa nafunga kreti juu ya kiti kwa mpira wa tyubu, nami nabaki kukaa kwenye ncha. Nataka keria ya chuma ya kubeba kreti mbili, kila moja ina mikate 20 ya nusu kilo. Nikirudi ningependa keria hiyohiyo ibebe gunia la unga la kilo 50 kutoka sokoni. Fundi wa mtaani anasema atatumia nondo ya milimita 12 na kuichomelea kwenye fremu, eti haitang'oka mpaka kiama. Nimkubalie? Na keria nzuri inatengenezwaje?

Jibu: Marahaba, mama. Usimkubalie, na umwambie leo kabla hajawasha mashine. Keria utapata, na mikate yako 40 itafika salama. Lakini nondo haifai kazi hii, kwenye fremu hapachomelewi, na gunia la unga tutalitafutia mahali pengine.

Nianze na fremu, maana ndiyo inayoniuma. Miaka yangu ya mwanzo kwenye karakana nilimchomelea mama mmoja muuza samaki keria kwenye mkia wa fremu ya pikipiki yake. Mshono ulitoka vizuri, nikaona nimefanya kazi ya kujivunia. Mwezi wa nne fremu ikakatika, na haikukatika kwenye mshono. Ilikatika kando yake, upana wa kidole kimoja tu. Ngege walimwagika barabarani, naye akaangukia upande wa mtaro. Angeangukia upande wa pili, kulikuwa na lori la miwa linakuja. Alichubuka goti. Fremu niliilipa mimi, na tangu siku hiyo sijachomelea kitu chochote kwenye fremu ya mtu.

Sababu ni hii. Bomba la fremu ya skuta ni jembamba, ukuta wake mara nyingi hauzidi milimita 2 au 3. Moto wa elektrodi hukibadilisha chuma kilicho pembeni mwa mshono. Tena, pale ulipochomelea bomba limekuwa gumu kwa sababu limeshikwa na keria, ila hatua moja mbele bado linanyumbuka kama zamani. Kila ukipita shimoni mnyumbuko wote unakuja kukomea kwenye mpaka huo. Umewahi kukata waya bila koleo, kwa kuukunja na kuukunjua mahali pamoja? Basi fremu nayo hukatika hivyohivyo, polepole, chini ya rangi, bila kukupa taarifa. Zaidi ya hapo, skuta nyingi zina tangi la petroli chini ya kiti au chini ya miguu. Cheche na mvuke wa petroli havikai chumba kimoja.

Lingine linalowakosesha mafundi waliozoea Boxer ni namna skuta ilivyoundwa. Kwenye pikipiki ya boda injini imefungwa kwenye fremu na haisogei. Kwenye skuta kama yako injini na gurudumu la nyuma ni mwili mmoja, vinapanda na kushuka pamoja. Kwa hiyo mguu wa keria ukishuka kuegemea kwenye injini, ekzosi au boksi la chujio la hewa, utaonekana imara sana ukiwa umesimama. Barabarani utakuwa unavutwa huku na huku kila shokapu inapofanya kazi, mpaka kitu kimoja kivunjike. Kujua ni rahisi. Simamisha skuta chini bila stendi ya katikati, mtu akandamize kiti kwa nguvu. Kinachoshuka pamoja na kiti ni fremu, hapo panafaa. Kinachobaki palepale na gurudumu, achana nacho.

Sasa wapi pa kufunga? Fungua kishikio cha abiria, kile cha chuma au alumini kilicho nyuma ya kiti. Chini yake utakuta mashimo yenye nyuzi, kwa kawaida matatu au manne, ya bolti za M8 au M6, yaani zenye unene wa milimita 8 au 6. Hayo yamefika kwenye fremu yenyewe, nayo ndiyo msingi wako. Ukipata mengine mawili upande wa chini wa mkia, fundi ashushe mikono miwili ya mshazari ya kuegemeza, moja kila upande. Pembetatu hubeba kuliko mguu ulionyooka peke yake.

Angalia plastiki. Kati ya keria na fremu mara nyingi kuna bodi ya plastiki, na bolti ikikazwa juu yake plastiki hubonyea, baada ya wiki bolti imelegea. Akukatie vipande vya bomba dogo viwe bushi, bolti ipite ndani yake, urefu wake ulingane na nafasi kutoka kwenye fremu hadi kwenye keria. Hapo chuma kinakaza chuma na plastiki haiumii. Kazi hii huchukua nusu saa, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Tuje kwenye nondo. Watu huipenda kwa sababu ukiishika unaona ni chuma kweli. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa gramu 890 hivi kwa mita. Bomba la mraba la milimita 20 kwa 20, unene wa ukuta milimita 1.5, lina gramu 870 kwa mita. Uzito ni uleule. Lakini bomba hilo ni gumu kupinda karibu mara 6 kuliko nondo, kwa sababu chuma chake kimekaa mbali na katikati. Ukitaka nondo zisipinde itabidi uongeze nyingi, na hapo umeanza kubeba keria badala ya mikate. Keria yako haihitaji zaidi ya mita 4 na nusu za bomba hilo, yaani kilo 4. Vibao vya kufungia bolti viwe vya chuma bapa cha milimita 5, kwa sababu ukuta wa milimita 1.5 haufai kutobolewa na kukazwa bolti moja kwa moja. Utabonyea.

Kabla hajakata chochote, apime kreti zako. Kreti za mikate nyingi zina urefu wa sentimita 60 na upana wa 40. Hapa nakuomba uwe mkali: zikae kwa upana, ule urefu wa 60 ukikatiza skuta kutoka kushoto kwenda kulia. Usukani wako ni mpana kuliko hapo, lakini upime, keria isiuzidi. Faida ni kwamba mzigo unasogea mbele, na mahali mzigo ulipo ni muhimu kuliko unene wa chuma chote tulichokizungumzia.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 125. Kreti zako mbili zikijaa ni kilo 24 hivi, mikate kilo 20 na kreti zenyewe kilo 4. Zikikaa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, zinaliondolea gurudumu la mbele kilo 24 mara 30 gawa kwa 125, karibu kilo 6. Ukizisogeza mpaka katikati yake iwe sentimita 5 tu nyuma ya ekseli, zinaliondolea kilo 1. Gunia la kilo 50 pale nyuma lingeliondolea kilo 12. Wewe na skuta mkiwa kama kilo 170 pamoja, gurudumu la mbele linabeba kilo 60 na kitu. Kupoteza 12 ni karibu moja ya tano, na ukipanda mlima au ukiruka tuta linapungukiwa zaidi. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, skuta inaanza kuyumba kichwa, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu, inakosa uzito wa kuifanya ishike.

Kwa hiyo unga usipande keria. Nunua mifuko ya kilo 25 na uweke mmoja chini, kwenye ubao wa miguu, mahali unapoweka jerikani ya maji. Hapo mzigo uko chini na uko kati ya magurudumu mawili, skuta haiuoni sana. Gunia la kilo 50 lipande bodaboda au tuktuk. Pia soma kibandiko au kitabu cha skuta. Nyingi za ukubwa huu zimewekewa kikomo cha kilo 130 hadi 150 hivi, na humo wewe mwenyewe umo, pamoja na keria, kreti na mkoba wako. Na zile kreti za mikate, ingawa kwa mizani ni kilo 24, shimoni uzito huo huja mara mbili au tatu kwa nukta moja. Ndiyo maana najenga keria ya kilo 24 kana kwamba itabeba 70.

Kuna tatizo moja la kusogeza mzigo mbele: keria inakuja juu ya sehemu ya abiria, na kama mdomo wa tangi uko chini ya kiti hutaweza kukifungua. Mimi hutengeneza ghorofa mbili. Fremu ya chini inafungwa kwa bolti na haitoki. Meza ya juu inashikwa na bawaba mbili nyuma na pini mbili mbele. Ukitaka petroli unashusha kreti, unachomoa pini, unainua meza. Pini zifungwe kwa mnyororo mdogo zisipotee. Mezani weka ukingo wa sentimita 5 kuzunguka na kulabu nne pembeni. Mpira wa tyubu ni mzuri, usiuache, ila kazi yake iwe kuzuia kreti zisiruke. Kuzizuia zisiteleze ni kazi ya ukingo.

Kuhusu kuchomelea sina mengi, fundi wako anaijua mashine yake. Atumie elektrodi nyembamba, ya milimita 2 au 2.5, na umeme mdogo, la sivyo atatoboa. Kwanza ashikize pembe zote kwa nukta, apime mishazari miwili, ikilingana ndipo amalize, akirukaruka upande huu na ule ili moto usivute fremu. Kama bomba limepakwa zinki, aisage sehemu ya mshono mpaka chuma kionekane, na akae penye hewa. Moshi wa zinki humpa mtu homa usiku huohuo. Kazi yote ifanyike mezani, skuta ikiwa mbali. Apime kwa katoni iliyokatwa kwa umbo la mkia wa skuta.

Mvua za ziwani unazijua. Ncha zote za bomba zizibwe, na chini kabisa ya kila bomba atoboe kitundu cha milimita 4 ili maji yanayoingia yatoke. Kutu ya ndani ya bomba haionekani mpaka siku ya kuanguka.

Bolti zinunuliwe mpya, zilizoandikwa 8.8 kichwani, ndiyo alama ya uimara wake. Zisizo na alama yoyote usizipokee hata ukipewa bure. Kwenye mashimo ya fremu weka washa ya springi, na pengine pote nati zenye duara la plastiki ndani. Keria isizibe taa ya nyuma, indiketa wala kibao cha namba. Uwe juu ya skuta, mtu asimame mita 10 nyuma akuambie anaona nini. Jambo hili halisubiri upigwe faini, kwani saa 11 alfajiri barabara ya Bugembe ina malori.

Ikishafungwa, usianze na mikate. Weka jerikani mbili za maji za lita 20 kwenye meza, zifunge, skuta ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Watu wawili waikandamize nyuma mpaka shokapu ifike mwisho, nawe uchungulie chini: hakuna kitu kinachogusa tairi wala mudigadi? Kisha toa jerikani moja, uende na ile nyingine polepole mpaka Masese na kurudi. Ukifika, kaza bolti zote tena. Siku ya kwanza zote hulegea kidogo, hilo si kosa la mtu. Baadaye kila Jumapili pitisha spana, na ujaze upepo wa tairi la nyuma kwa kipimo cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko.

Na rangi iwe nyeupe au manjano, hata kama unapenda nyeusi. Ufa ukianza kwenye mshono, juu ya rangi nyeupe utauona kama mstari mwembamba wa kutu wiki kadhaa kabla chuma hakijaachia. Juu ya nyeusi hutauona. Unapopitisha spana Jumapili, pitisha na kitambaa kwenye kila pembe, na ukikuta mstari huo shusha kreti hapohapo uniletee keria.