Kabla hujaugusa mguu wa Sivatherium, jamaa wa twiga aliyetoweka

Nyinyi mnaoanza kusoma mifupa ya wanyama wa kale hapa Mombasa, nawaomba muweke kando kwanza picha za visukuku. Nenda Marikiti, ununue mguu wa nyuma wa mbuzi uliokatwa juu ya kifundo. Uchemshe kwa moto mdogo mpaka kano ziachie, kisha uanike kivulini. Usitie jiki, mfupa utang'aa, lakini baadaye utaanza kumenyeka.

Sasa jua ulipo. Kile kifundo kinachotazama nyuma, ambacho wengi hukiita goti, ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Mtazame twiga pale Haller Park, Bamburi: anasimama juu ya ncha za vidole viwili, na ule mfupa mrefu chini ya kisigino ni wayo ulioinuka.

Mfupa wa kwanza kuukariri ni astragalasi, ulio katikati ya kifundo. Umechongwa kama kapi la jahazi, ila una kapi juu na kapi chini. Mbuzi anao, nguruwe anao, kiboko na twiga pia. Hata nyangumi wa kale wenye miguu waliofukuliwa Pakistani walikuwa nao, jambo lililotangazwa mwaka 2001, na mimi hadi leo hulistaajabia. Kwa hiyo ukiuona, umejua kundi kubwa tu. Usikimbilie kusema "twiga".

Panapowakwamisha wanafunzi ni ngamia. Nyama yake inauzwa mjini, basi mwombe mchinjaji mguu wake pia, kwa sababu kwa ukubwa mifupa yake hukaribia ya jamaa wa twiga waliotoweka. Chini ya astragalasi, mbuzi na twiga wana mifupa miwili iliyoungana kuwa mmoja. Ya ngamia imebaki mbalimbali. Kisha tazama mfupa mrefu wa wayo. Kwa wote ni mifupa miwili iliyoshikana, lakini wa ngamia hupanuka na kuachana kwenye ncha ya chini. Pitisha kidole kwenye kichwa cha kiungo: kwa mbuzi na twiga utahisi ukingo uliosimama kuanzia mbele hadi nyuma, kwa ngamia uko upande wa nyuma tu. Fanya hivyo mara nyingi, hata umefumba macho.

Hapo ndipo Sivatherium ataeleweka. Watafiti Falconer na Cautley walimweleza mwaka 1836 kutokana na mifupa ya vilima vya Siwalik, India, na ndugu yake wa Afrika amepatikana Turkana na Olduvai. Utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria uzito wa yule wa India kuwa kama kilo 1,250. Wayo wake ni mfupi na mnene, wa twiga wa leo ni mrefu mwembamba, lakini viungo vyao vinafuata mpango uleule. Ndiyo maana urefu peke yake haukufai kitu. Pima urefu, pima upana wa katikati, kisha ugawanye kimoja kwa kingine.

Na kabla ya kupima, angalia ncha ya chini kama imeshikamana na mwili wa mfupa. Ikiwa bado ina mstari au imedondoka, huyo alikuwa mchanga. Muandike kando, usimlinganishe na wazima.