Maswali ya Wasomaji: Mashine ya alizeti itakamua nini?

SWALI: Kikundi chetu hapa Iramba kina wanachama 24, kila mmoja analima ekari 3 za alizeti. Tuliomba mkopo wa shilingi milioni 25 tununue mashine ya kukamua kilo 200 kwa saa. Benki imeturudishia mchanganuo wa biashara ikisema hatujaonyesha malighafi wala mtaji wa uendeshaji, ilhali faida inaonekana wazi. Tumekosea wapi?
*Katibu wa kikundi, Singida*

JIBU: Ndugu Katibu, mmeanza na mashine kabla ya shamba. Mchanganuo mliotuambatishia unasema mtakamua saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni tani 600. Alizeti yenu je? Ekari 72, kila moja ikitoa magunia 6 ya kilo 60, ni kilo 25,920. Mashine hiyo itazimaliza kwa siku 13, kisha ikae.

Kwa hiyo mtanunua kwa wakulima wengine, na hapo ndipo fedha nyingi zinapohitajika. Alizeti hushuka bei wakati wa mavuno, Mei hadi Julai, nanyi mtauza mafuta kidogo kidogo mwaka mzima. Tani 100 kwa bei ya mfano ya shilingi 900 kwa kilo ni milioni 90, zaidi ya mara tatu ya mkopo mliouomba. Andikeni jedwali la miezi 12: fedha inayotoka na inayoingia kila mwezi. Mwezi wenye upungufu mkubwa kuliko yote ndio utakaowaonyesha mtaji mnaohitaji.

Jambo la pili ni kiasi cha mafuta. Mmeandika asilimia 40, ambayo ni mafuta yaliyomo ndani ya mbegu bora. Mashine ndogo haiyatoi yote, mengine hubaki kwenye mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa. Fanyeni jaribio kwa mkamuaji wa jirani: pepeteni alizeti, pimeni kilo 100 kwa mizani (msihesabu magunia, lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, itawadanganya), kamueni, kisha yaacheni mafuta yatulie na kuchujwa kabla ya kupima. Mafuta ya moto yenye mashapo huonekana mengi kuliko yalivyo. Pimeni na mashudu pia. Mbegu mbichi huziba mashine, na mchanga hula skrubu yake, kwa hiyo gharama ya kuanika na kupepeta iwemo kwenye hesabu.

Tuseme tani moja imetoa kilo 280 za mafuta, yaani kama lita 300. Mkiuza shilingi 4,000 kwa lita mnapata 1,200,000. Toeni 900,000 za alizeti, zinabaki 300,000 za umeme, vibarua, madumu, usafiri na marejesho ya benki. Ni finyu mno. Lakini kuna mashudu, kama kilo 650: kwa shilingi 400 yanaongeza 260,000. Ninyi hamkuyaandika kabisa! Wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayatafuta. Wapateni wawili watatu waandike kiasi watakachonunua, mwambatishe.

Ushauri wetu ni kwamba msimu wa kwanza msinunue mashine. Kamulisheni kwa mwingine kwa malipo, uzeni, tunzeni daftari la mauzo. Afisa mikopo ataliamini daftari hilo kuliko makadirio yoyote. Mkirudi benki, onyesheni pia mapato ya kukamulia wateja alizeti yao, na gharama ya kuvuta umeme wa njia tatu kama mashine inauhitaji.

SWALI: Tukiuza kwa madumu hapa kijijini tu, TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inatuhusu?

JIBU: Inawahusu. Tangu 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko TBS, pamoja na usajili wa majengo ya kukamulia. Anzieni ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, mpate barua ya utambulisho ya kupeleka TBS. Na madumu yawe mapya, ya chakula. Lililowahi kubeba dawa ya shamba halisafishiki.