Kompyuta ya mezani ikiganda kwa sababu ya draiva za kadi ya grafiki

Draiva ni programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi ya grafiki. Mpya ikiwekwa juu ya ya zamani, mabaki ya ile ya zamani hayaondoki yenyewe kila mara. Visa vingi vya kuganda vinaanzia hapo: mtu amebadilisha kadi kutoka AMD kwenda NVIDIA, au amesasisha draiva tu, na siku hiyo hiyo skrini inasimama, sauti inakwama kwenye mlio mmoja, mausi haisogei. Wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Mara nyingi haihitajiki, na kama chanzo hakijulikani, tatizo linaweza kukufuata hadi kwenye Windows hiyo mpya.

Kwanza jua kilichoganda ni nini. Mashine ikisimama, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mfumo uko hai na kilichokufa ni picha. Hapo bonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B. Windows itaianzisha draiva ya grafiki upya, na skrini itapepesa mara moja. Picha ikirudi, draiva ndiyo mshukiwa wa kwanza. Taa ya Caps Lock isipobadilika kabisa, mashine nzima imesimama. Draiva bado inaweza kuwa chanzo, ila sasa pawa saplai na RAM nazo ziangaliwe.

Ukishawasha tena, fungua Event Viewer, programu ya Windows inayoonyesha kumbukumbu za matukio, ingia Windows Logs, kisha System, utafute dakika ile ile ya kuganda. Tukio namba 4101 kutoka Display, likitaja draiva yenye jina nvlddmkm kwa NVIDIA au amdkmdag kwa AMD, maana yake Windows iliisubiri kadi, kadi haikujibu, draiva ikaanzishwa upya. Kikomo cha kusubiri ni sekunde 2. Wapo wanaoshauri kukiongeza kwa mpangilio uitwao TdrDelay kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows. Kwa anayefanya kazi nzito za 3D inaweza kusaidia, lakini kwa mgongano wa draiva unaongeza tu muda wa kukaa mbele ya skrini iliyosimama. Na usidanganywe na Kernel-Power 41: inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Hata ukishikilia kitufe cha kuzima mwenyewe, itaandikwa.

Sasa usafi, na hapa mpangilio ndio kila kitu. Pakua Display Driver Uninstaller, maarufu kama DDU, programu ya kufuta draiva za grafiki na mabaki yake, pamoja na draiva utakayoiweka, vyote viwe tayari kwenye diski. Kisha chomoa kebo ya mtandao au zima Wi-Fi. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoharibu kazi: Windows Update ikiona kadi haina draiva, inaleta ya kwake kimyakimya, wakati wewe unaweka ya kwako. Matoleo mawili yanachanganyika na mgongano unarudi. Kwa AMD utaijua hali hii pale programu yake inapokataa kufunguka na kukuambia kwamba huenda Windows Update imebadilisha draiva.

Shikilia Shift huku ukibofya Restart, pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 uingie Safe Mode, hali ambayo Windows huwaka na vitu vya msingi tu. Kabla ya hapo hakikisha unakumbuka nenosiri lako, maana PIN wakati mwingine hukataa humo, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa diski wa Windows, uwe na ufunguo wake wa kuifungua. Ndani ya DDU chagua GPU, kisha kampuni. Mashine iliyowahi kubeba kadi za kampuni mbili isafishwe zote mbili: ya kwanza kwa kitufe cha kusafisha bila kuwasha upya, ya pili kwa kusafisha na kuwasha upya. Draiva ya Intel iache kama unatumia grafiki ya prosesa.

Ukirudi Windows ya kawaida, weka draiva ukiwa bado nje ya mtandao. AMD ina chaguo la Driver Only, lichukue. Programu za ziada zinazokuja na draiva zitasubiri hadi mashine ikae siku kadhaa bila kuganda.

Toleo jipya kuliko yote si lazima liwe sahihi kwa kadi yako. GT 730 ya NVIDIA, inayopatikana sana kwenye kompyuta za ofisi za mtumba, ipo ya aina zaidi ya moja. Iangalie kwa GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi, usome jina la chipu: ikiwa GF108 ni kizazi cha Fermi, na draiva yake ya mwisho ya kawaida ni 391.35; ikiwa GK208 ni Kepler, tafuta zinazoanzia na 47. Kwa AMD, familia za HD 7000, R9 200 na R9 300 ziliondolewa kwenye draiva kuu mwaka 2021, kwa hiyo chukua zile zilizotengwa kwa kadi za zamani.

GPU-Z hiyo hiyo itakuonyesha kadi bandia. Kuna kadi zinazouzwa kwa jina la GTX 1050 Ti huku chipu ndani ni ya enzi za GTX 550 Ti, BIOS yake, yaani programu iliyo ndani ya kadi yenyewe, imechezewa. Programu huweka neno FAKE mbele ya jina. Kadi hiyo inaweza kutoa picha vizuri hadi uweke draiva rasmi, ndipo inaganda. Hakuna usafi wa draiva utakaoiponya, irudishe ulikoinunua.

Kama baada ya yote haya mashine inaganda pale tu gemu inapoanza, angalia umeme. Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa, inatoa wati 75, kebo ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Pawa saplai za mashine nyingi ndogo za ofisi hazina kebo hizo, na watu huunga adapta kutoka SATA kwenda pini 6. Plagi ya SATA imetengenezwa kubeba wati 54 tu kwenye laini ya volti 12. Adapta hiyo inaweza kuyeyuka. Usiitumie.

Kwa wa Ubuntu, mgongano wa kawaida ni kati ya nouveau, draiva huria inayokuja na mfumo, na draiva ya NVIDIA yenyewe, au faili la .run lililopakuliwa kutoka NVIDIA na kuwekwa juu ya vifurushi vya apt, yaani vya Ubuntu wenyewe. Skrini ikibaki nyeusi, kwenye GRUB, menyu inayotokea kompyuta inapowaka, bonyeza e, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Ondoa lile la .run kwa sudo nvidia-uninstall, halafu weka draiva kwa sudo ubuntu-drivers install. Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizothibitishwa wakati wa kuwaka, ikiwa imewashwa, utaombwa uweke nenosiri, na ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu: chagua Enroll MOK na uliandike nenosiri lile lile. Ukiiruka skrini hiyo, draiva haitapakiwa.