Mtoto amelewa lutuku: je, aachwe alale mpaka pombe iishe?

Swali: Munganga, jambo. Kijana wangu wa miaka 15 alikunywa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na wenzake, wakamleta nyumbani usiku hajitambui. Shangazi yake alimmwagia maji baridi, tukamnywesha kahawa, kisha tukamwacha alale. Asubuhi aliamka mzima. Tulifanya vema? Na baba yake akimpa bia kidogo hapa nyumbani, si afadhali kuliko kunywa huko nje? (Mama, Katuba, Lubumbashi)

Jibu: Mama, namshukuru Mungu kwamba aliamka, maana wapo wasioamka.

Lutuku aliyoimeza mwisho hubaki tumboni ikiendelea kuingia kwenye damu, kwa hiyo mtoto huzidi kulewa akiwa amelala. Ini la mtu mzima huondoa takriban gramu 7 za pombe kwa saa. Chupa ya bia ya sentilita 72 yenye nguvu ya asilimia 5 ina gramu 28 hivi: ni kazi ya saa nne. Lutuku ni kali kuliko bia mara nyingi, na hakuna anayejua kipimo chake. Kahawa haiharakishi ini, na mtu asiyejitambua akinyweshwa, kinywaji huweza kuingia mapafuni. Maji baridi nayo ni hatari. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na joto la mwili linapotea. Nanyi mnaijua baridi ya usiku wa Lubumbashi mwezi wa 6 na wa 7. Juu ya hayo, pombe hulizuia ini kutengeneza sukari, na mtoto aliyekunywa bila kula anaweza kuishiwa sukari kwenye damu akapata degedege.

Siku nyingine mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, mfunike, mtu asimwache hata dakika moja. Akifinywa asiamke, akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, midomo ikigeuka rangi au akitapika bila kujitambua, msingoje kuche: hospitali. Najua aibu ya majirani. Watoto wengi hufichwa kwa sababu yake, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kesho yake akilalamika kwamba haoni vizuri, rudini upesi, kwani huenda pombe ilichanganywa na spiriti ya kiwandani, ambayo hupofusha.

Kuhusu baba yake: hapana. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1997 ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walifikia utegemezi wa pombe karibu mara nne kuliko walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi. Bia ya mezani humwambia tu kwamba ruhusa ipo.

Mama anayewauzia lutuku huenda analisha wanawe kwa kazi hiyo. Nendeni kwake mkiwa wazazi kadhaa, bila matusi, mumwambie kwamba kwa sheria yetu ya Kongo ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto, kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kijana naye mlete kituo cha afya cha karibu. Mwombe muuguzi azungumze naye peke yake, amuulize anakunywa mara ngapi na ni nini kinachompeleka huko.