Uliza Fundi: Kaliperi za pistoni nne, pedali bado inazama

SWALI: Shikamoo, fundi. Nina Subaru Impreza ya 1500, ya mwaka 2004. Nimenunua kaliperi (vibanio vinavyobana diski ya breki) za Subaru WRX za pistoni nne, mtumba wa Japani, pamoja na diski zake za milimita 294, na rimu nikatoka 15 nikaenda 16. Nyuma bado ni dramu. Tangu zifungwe sina raha. Pedali inazama karibu nusu ndipo gari inashika, na upepo tumetoa mpaka tumechoka. Nikitoka rivasi halafu nikakanyaga breki, nasikia "ko!" mbele kulia. Nikiteremka Kitonga, stelingi inatetemeka nikigusa breki, lakini mjini haitetemeki. Wenzangu wanasema dawa ni masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) ya Subaru STI. Nianzie wapi? — Msomaji, Iringa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Anza na hiyo "ko!", na gari lisiteremke Kitonga tena kabla hujaijua inatoka wapi. Masta silinda weka kando kwanza.

Piga jeki, weka stendi, vua gurudumu la kulia. Shika kaliperi kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu. Ikicheza yenyewe dhidi ya nako (chuma cha gurudumu inakofungwa), boliti zake mbili kubwa zimelegea au nyuzi zimeliwa. Hapo hakuna mjadala: boliti mpya za saizi ile ile na daraja lile lile la chuma, zikazwe kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Boliti ya kuokota kwenye kopo la gereji haifai kushika kaliperi, hata kama nyuzi zimekubali.

Kama kaliperi imetulia, tazama pedi. Kwenye kaliperi hizi za pistoni nne, pedi zinaning'inia kwenye pini mbili nyembamba, na katikati kuna springi bapa yenye umbo la msalaba inayozikandamiza zisicheze. Mwisho wa kila pini una klipu ndogo ya waya. Kaliperi za mtumba mara nyingi hufika bila vitu hivi, kwa sababu anayezifungua kule anataka chuma kikubwa tu. Huku fundi akikosa pini anakata msumari, akikosa springi anaacha wazi. Nimeshaona msumari uliolika katikati ukabaki mwembamba, mfereji umechimbwa na tundu la pedi, na gari bado linakimbia barabarani. Pedi isiyobanwa husogea kila gari linapobadilisha mwelekeo: ukienda rivasi inalala upande mmoja, ukisonga mbele na kukanyaga breki inarushwa upande wa pili, ndiyo "ko!" yako. Seti ya pini, springi na klipu huuzwa peke yake na bei yake ni ndogo ukilinganisha na ulicholipia kaliperi. Nunua mpya, za magurudumu yote mawili.

Sasa pedali. Ukiwa bado umechuchumaa hapo, tazama nipeli ya kutolea upepo iko wapi. Lazima iwe juu. Hewa hupanda, nipeli ikiwa chini utamimina chupa baada ya chupa, mafuta yatatoka safi bila povu, na hewa itabaki imekaa juu ndani ya kaliperi. Hilo hutokea pale kaliperi ya kulia inapofungwa kushoto na ya kushoto kulia. Matundu ya boliti yanakubali pande zote mbili, kwa hiyo fundi mwenye haraka hashtuki. Kama ndivyo ilivyo kwako, zibadilishane, toa upepo upya, na huenda nusu ya barua yako ikawa imejibiwa. Kuna sababu ya pili ya kuzirudisha mahali pake: baadhi ya kaliperi za pistoni nne zina pistoni za vipimo viwili tofauti, ndogo ikiwa upande diski inapoingilia. Za aina hiyo ukizigeuza, pedi zinaliwa mshazari.

Kama nipeli ziko juu, mguu wako utakupa habari. Zima injini, pampu mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, kisha shikilia kwa nguvu ileile. Ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja au raba za masta silinda zimechoka. Ikipanda kila unapopampu na kubaki laini kama sponji, ni hewa. Lakini ikiwa mkanyago wa kwanza unazama na wa pili unakuta pedali juu na ngumu, usihangaike na hewa. Hapo kuna kitu kinachofanya pistoni zisafiri mbali: beringi ya gurudumu inayocheza, diski inayoyumba na kusukuma pedi nyuma, au dramu za nyuma ambazo viatu vyake viko mbali. Hizo dramu husahaulika sana na wanaoshughulika na mbele peke yake. Hesabu milio ya hendibreki ukiivuta. Ikipanda sana kabla ya kushika, kaza viatu vya nyuma kwanza.

Kuhusu ushauri wa wenzako: tazama ubavuni mwa masta silinda uliyo nayo, kwa kawaida saizi imeandikwa kwenye chuma. Ikiwa ni ya inchi 1, kwenda 1 1/16 kunaongeza eneo la pistoni kwa takriban asilimia 13. Pedali itakuwa fupi zaidi, kweli, lakini itakuwa nzito kwa kiwango hicho hicho, na hewa au dramu iliyolegea itabaki palepale. Ukishasafisha kila kitu na pedali bado ni ndefu kidogo kuliko zamani kwa sababu pistoni ni kubwa, hapo masta silinda ina hoja. Kwa sasa haina.

Mtetemo wa Kitonga. Kwa kuwa unakuja ukigusa breki, na breki zikiwa moto, rimu nazitoa kwenye lawama. Watu husema "diski imepinda" na kukimbilia kuchonga. Mara nyingi diski haijapinda kwa joto. Imekaa vibaya tangu mwanzo. Ivue utazame uso wa habu, kitovu cha gurudumu, nyuma yake. Kutu iliyovimba pembezoni pa boliti, hata ukiiona ndogo, inatosha kuinua diski upande mmoja. Piga brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, safisha na sehemu ya ndani ya diski, rudisha, kaza nati zote, halafu pima mchezo wa diski ikizunguka kwa dayo geji, kipimo chenye uso kama wa saa. Makampuni mengi huweka ukomo kati ya milimita 0.05 na 0.1. Ukizidi, geuza diski tundu moja la boliti upime tena kabla ya kufikiria leithi. Unene nao upimwe. Kiwango cha chini kimechapwa kwenye diski yenyewe, na iliyofika hapo haichongwi, inatupwa.

Nati za magurudumu zikazwe kwa mkono, kwa mtindo wa nyota, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Bunduki ya upepo inayobamiza nati moja mpaka mwisho ndipo ihamie nyingine huivuta diski ikae upande.

Mwisho, mafuta ya breki, ambayo madaraja yake huandikwa DOT. DOT 3 mpya huchemka nyuzi 205 za Selsiasi, DOT 4 nyuzi 230, lakini yakishafyonza unyevu hushuka hadi kama 140 na 155. Kwa mteremko wako weka DOT 4 mpya, na shuka kwa gia ndogo.

SWALI: Fundi, nimeweka diski mpya za nyuma kwenye Toyota Altezza yangu. Breki ya mguu ni safi, ila hendibreki haishiki hata kwenye mteremko mdogo. Nikaze waya? — Msomaji, Nairobi.

JIBU: Hapana, waya uache. Ndani ya kofia ya diski yako ya nyuma kuna dramu ndogo yenye viatu vyake vya hendibreki. Yaelekea viatu vililegezwa ili diski ya zamani itoke na havikurudishwa. Tafuta tundu lenye kizibo cha raba usoni mwa diski, ingiza bisibisi, zungusha gurudumu la meno mpaka diski ikwame, kisha rudisha nyuma mpaka izunguke bila kukwaruza. Ukikaza waya kabla ya hapo, viatu vitakaa vimeinama na kuunguza diski yako mpya.

SWALI: Kuna jamaa wa leithi anatoboa matundu kwenye diski za kawaida zionekane za mashindano. Yafaa? — Msomaji, Moshi.

JIBU: Usikubali. Diski ya chuma cha kutupwa ikitobolewa ovyo hupasuka kutoka tundu hadi tundu ikipata moto, na itapasuka wakati unaihitaji. Kama tayari amezitoboa, zivue leo.